Gereji ya Wasomaji: Benzi na chumvi ya Kusini

Barua za mwezi huu zimetoka Mtwara na Lindi, na zote zinahusu nyota ya ncha tatu. Tumezifupisha, maana nyingine zilikuja na wasifu mzima wa fundi aliyetangulia.

Nimeona Mercedes-Benz C200 Kompressor ya 2005 kwenye yadi Dar es Salaam. Bei haipishani sana na Toyota ndogo za mwaka huo huo. Wenzangu wananitania kwamba nitauza mikorosho yote kulipia spea. Nikifika yadi nikague nini? – Msomaji, Chikongola, Mtwara Mjini

Bei isikushangaze. Watu wanaliogopa gari hili, na woga wao ndio unaolishusha bei. Nusu ya woga huo una sababu.

Soma namba ya chesisi kabla hujaangalia rangi. WDB203 maana yake ni W203, C-Class iliyotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2007. Hesabu hadi tarakimu ya kumi: 1 ni usukani wa kushoto, 2 ni wa kulia. Herufi inayofuata ni kiwanda. Ukiona R, gari limeundwa East London, Afrika Kusini, kiwanda kilichounda W203 nyingi za usukani wa kulia, zikiwemo zilizopelekwa Japani. Wapo madalali wanaolidharau gari la R kwa kuwa "si la Ujerumani". Wewe tumia maneno yao kuomba punguzo, kisha nunua bila wasiwasi.

Halafu namba ya injini. Ikianza na 271, hiyo ni silinda nne ya cc 1796 yenye kompressor, na udhaifu wake unajulikana. Mpigie muuzaji siku moja kabla, mwambie asiiwashe. Ukifika weka kiganja juu ya boneti: ikiwa ya moto, kuna kitu hutakiwi kukisikia. Iwashe ikiwa baridi kabisa. Kelele ya minyororo ikisikika mbele ya injini kwa sekunde mbili tatu kisha ikatulia, taiming cheni imenyooka au meno ya gia za kamshafti yamelika. Cheni ikiruka meno, vali zinagongana na pistoni na hapo unatafuta silinda hedi. Matengenezo kamili ni cheni, tenshena na gia zote mbili za kamshafti. Cheni mpya huunganishwa na mkia wa ile ya zamani na kuvutwa ndani huku injini ikizungushwa kwa mkono. Kiungo cha mwisho kinabanwa kwa kifaa chake maalumu. Fundi akikuambia atakigonga kwa nyundo, ondoka na gari lako. Na ukibadili cheni peke yake ukaacha gia zilizolika, pesa umeitupa.

Jambo la pili linachukua dakika moja. Mbele ya kava ya hedi kuna magneti mbili zinazoongoza kamshafti. Chomoa plagi zake za waya utazame ndani. Ukikuta oili, magneti zinavuja, na oili hiyo hupanda ndani ya waya kama mafuta ya taa kwenye utambi hadi ifike kwenye kompyuta ya injini. Magneti mpya na kipande kifupi cha waya wa kinga ni kazi ya saa moja. Kompyuta iliyolowa oili ni msiba.

Injini ikiyumba mizunguko ikiwa imesimama, na mashine ya kupimia ikitoa namba P0171, usikubali kuuziwa sensa kwanza. Mabomba ya pumzi ya injini hii, hasa lililojificha chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, hukauka na kupasuka kwa joto. Hewa ya wizi inaingia humo.

Oili ni lita 5.5 pamoja na filta, ya 5W-30 au 5W-40 yenye kibali cha Mercedes-Benz 229.5 kilichoandikwa nyuma ya galoni. Oili nzito ya bei rahisi inachelewa kufika kwenye tenshena asubuhi, na cheni inachakaa mapema. Badilisha kila kilomita 8,000, hata kama dashibodi inadai bado. Filta yake ni ya karatasi, inaingia kwa juu. Badilisha na ringi zake za mpira. Mashamba yakianza kupuliziwa salfa, fungua filta ya hewa uitazame kila mwezi.

Shikamooni. Baba ameniachia E240 ya 1999. Jana asubuhi nimelikuta limeinama mbele kulia, tairi limegusa fenda. Fundi anasema shokapu imekufa, ninunue mbili. Nyumba yetu ni karibu na bahari. – Msomaji, Shangani, Mtwara

Marahaba. Usinunue shokapu, na usiliendeshe hata kufika gereji, libebwe.

Shokapu haibebi uzito wa gari. Uzito unabebwa na springi, na kwenye W210, E-Class iliyotoka 1995 hadi 2002, springi ya mbele imesimama peke yake na juu yake kuna kikombe cha chuma kilichochomelewa ndani ya bodi. Maungio ya kikombe hicho yalifunikwa kwa sila, ile gundi ya kuziba maungio. Maji yakipata ufa mdogo tu, yanakaa nyuma ya sila na kula chuma bila mtu kuona. Siku kikombe kinapong'oka, gari linakaa juu ya tairi. Udhaifu huu umewatesa wenye W210 hata Ulaya, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Wewe chumvi unaletewa na upepo wa Shangani kila siku, bure.

Mweleze fundi hivi. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu ya kutosha kuua. Itolewe kwa kifaa cha kubania cha ndani chenye sahani mbili, na si zile kulabu za nje zinazotumika kwenye Corolla. Tenganisha betri kabla ya kuchomelea. Kata kutu yote mpaka chuma kinachong'aa, hata kama kiraka kitakuwa kikubwa kuliko ulivyotarajia. Kuchomelea juu ya kutu ni kuahirisha ajali. Kikombe kipya kinauzwa kama spea, kichomelewe kwa mashine ya MIG, halafu praima ya zinki, sila mpya, rangi, na mwisho nta ndani ya uwazi. Upande wa kushoto ukaguliwe siku hiyo hiyo: toa gurudumu, mulika juu, chokonoa ukingo wa sila kwa bisibisi. Ikivimba au ikibanduka kama ganda la chapati, nao umekwisha.

Kagua pia pale jeki inapowekwa, chini ya mipira ya milango, na buti kuzunguka kitasa. Ikiwa milango nayo imeoza, piga hesabu upya: injini za W210 ni za kudumu, lakini bodi iliyolika pande zote haina matengenezo ya maana mahali penye upepo wa bahari.

Wenye magari mazima: osheni chini ya gari kwa maji baridi kila wiki, na siku hiyo hiyo mkitoka kuendesha kwenye mchanga wa Msimbati. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai kwa kazi hii. Yanaongeza kile mnachojaribu kuondoa.

Nilipata pancha Mingoyo nikafunga spea tairi nyuma. Gurudumu likawa linakwaruza na kukwama. Nikirudisha rimu ya sporti, kimya. Beringi? – Msomaji, Lindi Mjini

Bolti. Mercedes haina stadi na nati. Bolti inaingia moja kwa moja kwenye habu. Rimu ya sporti ni nene, bolti zake ni ndefu. Spea yako ni ya chuma, nyembamba, hivyo bolti zile zile hutokeza nyuma ya habu na kugonga vifaa vya handibreki. Bolti fupi za spea huwekwa kwenye kimfuko pamoja na jeki, na mara nyingi kimfuko hicho hupotea kabla gari halijavuka bahari. Tafuta za M12 zenye uzi wa 1.5 na kichwa cha spana ya 17. Kitako chake kiwe cha mviringo kama nusu ya tufe. Zile za kitako cha pia ni za rimu nyingi zisizo za Mercedes. Uzi usipakwe grisi. Kaza kwa Nm 110 kwenye W203, Nm 130 kwenye W204, C-Class iliyofuata, na ukaze tena baada ya kilomita 50.

Wanangu wanabishana: Mercedes ni mtu au ni mji? Na je, ni kweli mke wa mwenye kampuni ndiye aliyekuwa dereva wa kwanza? – Mwalimu mstaafu, Newala

Shikamoo mwalimu. Mercedes ni mtoto wa kike. Baba yake, Emil Jellinek, alikuwa mfanyabiashara wa Austria aliyeishi Nice, Ufaransa, akiwauzia matajiri magari ya kampuni ya Daimler. Kwenye mashindano alijiandikisha kwa jina la binti huyo, aliyezaliwa 1889. Mwaka 1900 aliagiza magari 36 kwa mkupuo, kwa sharti kwamba injini mpya ibebe jina la Mercedes. Mhandisi Wilhelm Maybach akamuundia gari la nguvu farasi 35, refu na la chini, lisilofanana tena na mkokoteni uliokosa farasi. Jina likasajiliwa 1902, nyota 1909. Ncha zake tatu ni injini za Daimler nchi kavu, majini na angani.

Benz ni ukoo mwingine na mji mwingine. Karl Benz wa Mannheim aliandikisha hataza ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, wakati Gottlieb Daimler akihangaika na la kwake Cannstatt, jirani na Stuttgart. Kampuni zao zilishindana miaka mingi, na ziliungana tarehe 28 Juni 1926, baada ya mfumuko wa bei kuidhoofisha Ujerumani. Kwa hiyo Mercedes-Benz ni ndoa, na bibi harusi hana undugu wowote na walioanzisha kampuni zote mbili.

Kuhusu mke: Benz mwenyewe alitangulia kuendesha, lakini safari ndefu ya kwanza ni ya Bertha Benz. Agosti 1888 aliondoka na wanawe Eugen na Richard bila kumuaga mumewe, kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi kidogo ya kilomita 100. Ni kama kutoka Mtwara Mjini kwenda Lindi Mjini, ila kwa njia ya mikokoteni. Mafuta aliyapata kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zilipolika, fundi viatu akazigongomea ngozi. Maji ya kupozea yalikuwa yakigeuka mvuke njia nzima, ikabidi yaongezwe kila yalipopatikana. Milima ilibidi wanawe wasukume, na baada ya safari hiyo Benz akaongeza gia ya kupandia.

Huku kwetu nyota ikazaa neno. Baada ya uhuru watu wa Afrika Mashariki walianza kuwaita wakubwa "Wabenzi", kama kabila: kuna Wamakonde, kuna Wamwera, kuna Wayao, na kuna Wabenzi, waliopata cheo na gari siku moja. Sifa kwamba Benzi halifi ilijengwa na gari jingine kabisa, W123 ya 1976 hadi 1986, hasa zile za dizeli zilizotumika kama teksi. Yalitengenezwa karibu milioni 2.7. Sifa hiyo ndiyo inayowaponza wanaonunua Benzi za 1996 hadi 2006: wanadhani wamerithi chuma cha W123, kumbe wamenunua kompyuta nyingi na bodi nyepesi kwa kutu.

C-Class yangu W203 ikipata moto inatetemeka kwa mwendo wa 60 hadi 80, kama inapita juu ya vijituta. Siku nyingine inajifunga kwenye gia ya pili; nikizima na kuwasha inapona. Fundi ameongeza ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) ya kawaida, sasa anataka kubadili gia boksi. – Msomaji, Nachingwea

Una matatizo mawili, na la tatu umeongezewa na fundi.

Mtetemeko kwanza, kwa sababu huu ndio unaoua. Oili ya gia boksi inapozwa ndani ya rejeta, upande wa pili wa ukuta mwembamba kukiwa na kulanti. Baadhi ya rejeta za W203 za miaka ya mwanzo zilipasuka ukuta huo. Kulanti ikiingia gia boksi, bitana za karatasi za klachi hulainika na kubanduka, na dalili ya mwanzo ndiyo hiyo ya vijituta. Oili ipimwe kama ina glaikoli, kemikali iliyomo kwenye kulanti. Ikiwa imo, badilisha rejeta kabla ya kitu kingine chochote, halafu safisha gia boksi pamoja na tobo (toki konveta, inayounganisha injini na gia boksi). Ukiwahi, mara nyingi inapona. Ukifunga gia boksi nyingine juu ya rejeta ile ile, utaiua na hiyo.

Kujifunga gia ya pili ni jambo la umeme. Gia boksi hii ya gia tano, 722.6, ina plagi ya nyaya 13 ubavuni. Ringi zake mbili za mpira zikikakamaa, oili inapita na kusafiri ndani ya waya hadi kwenye kompyuta ya gia. Kwenye kompyuta chomoa plagi utazame kama imelowa. Spea yenyewe ni kipande cha plastiki kinachoshikwa na bolti moja ya 7 mm. Ni katika spea za bei ndogo kabisa kwenye gari hili.

Oili sasa. Inayotakiwa ina kibali cha 236.14. Rangi nyekundu si kibali. Kiwanda hapo mwanzo kilisema oili hii ni ya maisha ya gari, kisha kikageuka na kuelekeza ibadilishwe kwenye kilomita 60,000. Gari liinuliwe likae sawa pande zote nne, toa sampu, badilisha filta na gasketi, bolti za sampu zikazwe Nm 8 tu. Zitatoka kama lita 4 hadi 5. Nyingine imebaki kwenye tobo. Mimina lita 4, washa, pitisha gia zote polepole, kisha ongeza kidogo kidogo. Gari halina kijiti cha kupimia: kuna bomba lenye kizibo cha pini, na fundi anahitaji kijiti chake maalumu. Kipimo husomwa injini ikiwaka, gia ikiwa P, oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Anayepima gari likiwa baridi atajaza kupita kiasi. Oili itatoa povu na gia zitateleza vile vile.

Kila mvua za Desemba zikianza, C-Class yangu huwasha taa za ajabu, honi inajipiga yenyewe, zulia la mbele linalowa. – Msomaji, Mikindani

Unaegesha chini ya mwembe? Majani hujaa kwenye mfereji ulio chini ya waipa na kuziba matundu ya kutolea maji. Maji yakijaa humo hufurika kuelekea boksi la fyuzi na ndani ya gari. Toa plastiki ya chini ya waipa, zoa majani, mimina maji kikombe kimoja uone kama yanatoka chini ya gari. Boksi la fyuzi lifunguliwe likaushwe, na plagi zenye ukungu wa kijani zisafishwe. Zulia ling'olewe lote, kwa sababu chini yake kuna sifongo inayokaa na maji wiki nyingi.

E220 ya 1994, W124. Inamisi, inazima, inakataa kuwaka. Plagi, koili na pampu ya mafuta ni mpya. – Msomaji, Mtama, Lindi

Kunja taratibu waya wowote ulio karibu na injini. Ganda lake likipasuka na kudondoka kama ganda la karanga, umelipata. Magari haya ya miaka ya 1992 hadi 1995 yalifungwa nyaya za injini ambazo ganda lake huoza kwa joto. Nyaya zinagusana ndani ya kifungashio na kompyuta inapata habari za uongo. Tepu haisaidii, maana uozo umeenda urefu wote. Nunua seti nzima ya waya wa injini, mpya. Ya gari bovu la umri ule ule itakuwa imeoza vile vile. Mwendeshaji wa throto nao una nyaya za aina hiyo, ufunguliwe siku hiyo hiyo. Ukishamaliza, W124 yako ina bodi bora kuliko W210 iliyoirithi.

Fundi wangu anataka kubadili brekipedi za E200 Kompressor ya 2004. Kuna tahadhari? – Msomaji, Masasi

Kubwa kuliko zote zilizomo kwenye safu hii. Gari lako ni W211, E-Class iliyofuata W210, na W211 za 2002 hadi 2006 zina breki za umeme ziitwazo SBC: pampu inaweka presha yenyewe, bila mtu kukanyaga pedali. Ukifungua mlango au kubonyeza rimoti, mfumo unaamka na pistoni za kalipa zinabana. Kidole kilichopo hapo kitavunjika. Kabla ya kugusa kalipa, mfumo uzimwe kwa mashine ya kupimia inayoifahamu SBC, na funguo zikae mfukoni mwa fundi mwenyewe, mbali na watoto wa gereji. Asiye na mashine hiyo asianze kazi, hata akiwa hodari.

Ukiona ujumbe mwekundu wa breki kwenye dashibodi, simamisha gari. Pampu hiyo ina kihesabu cha matumizi. Ikifika ukomo au presha ikipungua, pedali inazama na utabaki na breki hafifu za mbele tu. Kampuni yenyewe iliita magari haya kwa marekebisho 2004 na 2005, kisha kwenye W211 za kuanzia 2006 ikarudi kwenye breki za hidroliki za kawaida. Pedi mpya zikishafungwa, SBC irudishwe kwa mashine ile ile na pedali ikanyagwe ijaribiwe kabla gari halijatoka kwenye jeki.